Sampuli

Leso za mezani mia mbili na arobaini, rangi ya waridi,
pindo jembamba, kona zimekaa sawa:
hizo ni zangu.
Nimezishona Keko siku tisa, mia nane kila moja,
umeme ukikatika nakanyaga kwa miguu,
na leo nazitazama zikifuta midomo
ya watu waliolipa laki tatu kwa sahani.

Mimi sikulipa. Mama wa kamati alinipa kadi:
“Njoo, Siwatu, ukae ule na sisi.”
Meza ya kumi na tisa, ubavuni mwa mlango wa jikoni;
kila kuku wa kupaka akipita
joto linanipiga mgongoni.
Mganga hajigangi, na fundi hajishonei,
lakini leo nimejishonea.

Wamekula. Wamenadi picha ya pundamilia wasio na miguu,
ikaenda kwa milioni sita,
ukumbi ukashangilia
kana kwamba pundamilia wamepona.

Kisha akasimama Daktari Kokusima.
Kipaza sauti kikakoroma, akakiweka chini.
“Sina dawa mpya ya kuwaonyesha,” akasema. “Nina makabati.
Ndani yake kuna vipande vya nyama, vidogo kama punje ya harage,
vimezamishwa kwenye nta, kila kimoja na namba yake,
vya wanawake waliopita mikononi mwetu.
Hakuna aliyevisoma vyote.
Tunataka kujua kwa nini ugonjwa huu
unawabishia hodi mabinti zetu mapema,
kwa nini hauna adabu ya kungoja mvi.
Fedha za kuzisoma hizo sampuli, ndizo tunazoomba.”

Uma ukanitoka mkononi.

Sampuli nazijua mimi.
Nina boksi la viatu limejaa: kila gauni ninalokata
nabakiza kipande cha vidole viwili,
nakibana kwa pini, naandika jina.
Mteja akirudi baada ya miaka mitano,
“Siwatu, limenichanika kwapani,”
najua nikatafute nini Kariakoo.

Mwamvita yumo, mdogo wangu.
Hariri ya kijani, siku ya kumtoa mwali.
Dera la uzazi wa kwanza, limefifia.
Na kwenye daftari vipimo vyake: kifua thelathini na nane.
Chini yake, kwa kalamu nyingine, vipimo vya mwaka uliofuata.
Kushoto sikuandika kitu.
Upande ule niliushonea kifuko cha pamba na mtama,
maana pamba tupu hupanda juu ukitembea haraka,
na Mwamvita alitembea haraka
mpaka wiki ya mwisho.

Siku ile ya upasuaji niliuliza:
Na titi lenyewe, mnalipeleka wapi?
Nesi akajibu bila kuinua macho: Maabara, mama.
Nikadhani ndilo jina la jalala.
Miaka saba nimedhani hivyo.

Kumbe yuko kabatini. Ana namba.
Kaburi analo, Kisarawe, tunalipalilia kila mwaka,
tunamsomea, tunamwagia maji,
na hatukujua kuwa kipande chake kimebaki mjini,
kimekaa kwenye nta, kimya,
kinangoja wa kukisoma.

Bahasha ikafika meza ya kumi na tisa.
Nikatia elfu ishirini: leso ishirini na tano.
Mbele ya jina nikaandika Mwamvita Selemani.
Mbele ya makazi kalamu ikasita,
sikujua niandike Kisarawe
au kabatini.
Yule kijana wa bahasha akanisubiri, akachoka, akaichukua hivyo hivyo.

Jioni wakihesabu leso watapata
mia mbili thelathini na tisa.
Watasema fundi hajui hesabu.
Moja nimeondoka nayo, ya boksi.